Kuogopa kwa Kipimo

Nimestaafu sasa, na kama ilivyo kwa wastaafu wengi, watu huniuliza mara kwa mara nilikuwa nikifanya kazi gani. Nikijibu kwamba nilikuwa afisa kinga ya mionzi, wengi hunyamaza kwa adabu, kisha hubadili mazungumzo. Mwalimu ana wanafunzi wake wa kuwaonyesha, mwashi ana nyumba zake, na mganga ana waliopona. Mimi sina cha kuonyesha. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba jambo fulani halitokei, na jambo lisipotokea, nani atalisimulia?

Mwaka jana mpwa wangu, ambaye amemaliza shahada yake ya fizikia, alikuja kunisalimu. Baada ya chakula akaniuliza, "Mjomba, kazi yako ile inasomewaje?" Nilimjibu kama karani. Nilimweleza kuhusu shahada, kuhusu kozi, kuhusu muda wa kufanya kazi chini ya mtu mwenye uzoefu, kuhusu mitihani na vibali. Akaandika yote kwenye daftari lake, akashukuru, akaondoka. Usiku ule sikupata usingizi mapema. Nilihisi kwamba nilikuwa nimempa nusu ya jibu, tena ile nusu nyepesi. Nusu ya pili ndiyo ninayojaribu kuiandika hapa.

Nianze na mkono wa mtu.

Mwaka 1976 niliajiriwa kuwa msaidizi wa chumba cha giza katika hospitali moja ya wilaya. Kazi yangu ilikuwa kusafisha filamu za eksirei, kuchanganya dawa, na kuanika picha zikauke. Mkubwa wangu alikuwa mzee mmoja aliyejifunza kazi jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Hakuwa na cheti chochote cha maana, lakini madaktari walimheshimu, kwa sababu picha zake zilitoka safi kuliko za vijana waliokuwa na vyeti. Mtoto akiletwa amevunjika mkono na analia, mzee huyu hakumwita mama wala muuguzi. Alimshika mtoto mwenyewe, kwa vidole vyake vitupu, akaniambia, "Kijana, bonyeza." Nami nikabonyeza.

Kucha za mzee zilikuwa na mistari kama ya ganda la kombe. Ngozi ya vidole ilikuwa kavu, imepasuka, na ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto ilikuwa na kidonda kisichofunga. Nilimwuliza siku moja. "Ni ukurutu wa dawa," akasema, akimaanisha zile dawa za kusafishia filamu. Nikaamini. Miaka mitatu baadaye kidole kile kilikatwa. Mzee alirudi kazini akiwa na vidole tisa, akaendelea kuwashika watoto.

Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nikitazama ukurasa wa kwanza wa historia ya kazi yangu, ukijirudia miaka 80 baada ya kuandikwa.

Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale ya eksirei tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amekwisha kupiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa ikionekana na pete ikielea juu ya kidole. Dunia ilishangilia. Katika muda wa miezi michache madaktari, mafundi umeme na hata wafanya maonyesho ya sokoni walikuwa na mitambo hiyo. Hapakuwa na chombo cha kupima nguvu ya miale, kwa hiyo fundi aliweka mkono wake mwenyewe mbele ya mtambo na kutazama mifupa yake inaonekana vipi. Kipimo cha kwanza cha mionzi kilikuwa kiungo cha mfanyakazi.

Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, alifanya hivyo kwa miaka kadhaa. Vidonda vilianza mikononi, vikageuka saratani. Alikatwa mkono mmoja, kisha wa pili, na mwaka 1904 akafariki akiwa hajatimiza miaka 40. Edison aliogopa akaacha kabisa utafiti wa eksirei. Wengine hawakuacha. Mwaka 1936 mjini Hamburg lilisimamishwa jiwe la kumbukumbu ya waliokufa kwa kazi ya eksirei na radiamu, nalo likaandikwa majina 169 kutoka nchi 15. Orodha hiyo ilizidi kurefuka baadaye.

Hata waliojua zaidi hawakujua vya kutosha. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Marie Curie alipanga magari yenye mitambo ya eksirei yaende karibu na mapigano kuwasaidia majeruhi, na akawafundisha wanawake wapatao 150 kuiendesha. Naweza kusema hiyo ilikuwa mojawapo ya kozi za kwanza kubwa za mafundi eksirei duniani. Walifundishwa umeme, fizikia na maumbile ya mwili. Kujilinda kulikuwa na nafasi ndogo mno. Mama huyo mwenyewe alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu uliotokana na mafuta ya mifupa kushindwa kufanya kazi, na madaftari yake hadi leo yanatunzwa Paris ndani ya masanduku ya risasi, kwa kuwa yangali yanatoa mionzi.

Hapo niseme neno juu ya risasi. Katika Kiswahili neno moja linabeba kitu kinachoua kutoka kwenye bunduki na madini mazito yanayozuia mionzi. Nilipoanza kufundisha, wauguzi walicheka kila nilipowaambia wavae risasi ili wasidhurike. Sikuwakataza kucheka. Mtu aliyecheka somo hulikumbuka.

Kundi la pili la waliotufundisha halikuwa la wanasayansi. Lilikuwa la wasichana wa kiwandani. Kuanzia wakati wa vita vile vya kwanza, huko New Jersey na kwingineko Marekani, wasichana walipaka rangi yenye radiamu kwenye nyuso za saa ili zing'ae gizani. Ili brashi iwe na ncha kali waliambiwa waichonge kwa midomo. Kila mchoro mmoja, ulimi mmoja. Radiamu huenda mwilini kama chokaa, ikajificha mifupani. Taya zao zikaoza, mifupa ikavunjika bila kuanguka. Watano kati yao, akiwemo Grace Fryer, walifungua kesi, na mwaka 1928 wakalipwa fidia nje ya mahakama. Mwaka huohuo madaktari na wanafizikia waliokutana Stockholm waliunda kamati ya kimataifa ya kinga dhidi ya eksirei na radiamu, ambayo tangu mwaka 1950 inajulikana kama Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi.

Tazama mfuatano huo, ewe msomaji. Kwanza walijifunza kwa mikono yao, kisha kwa taya za wasichana maskini, ndipo kamati ikaundwa. Usione vyaelea, vimeundwa. Na kinga hii tunayoiona leo iliundwa kwa mifupa ya watu.

Lakini kulinda watu kama kazi yenyewe, yenye mtu anayeamka asubuhi kwa ajili hiyo tu na kulipwa mshahara kwa ajili hiyo, ilizaliwa Chicago mwaka 1942. Wamarekani walikuwa wakijenga kwa siri tanuri la kwanza la atomu, lililowaka tarehe 2 Desemba mwaka huo. Waliokuwa wakilijenga walijua habari za wapaka saa. Wakaajiri wanafizikia wachache kuwalinda wafanyakazi, akiwemo Ernest Wollan, aliyekuwa mtafiti wa miale itokayo anga za juu. Herbert Parker, Mwingereza aliyezoea radiamu ya hospitali, aliingia pia, baadaye akasimamia kinga huko Hanford. Karl Morgan alifanya hivyo Oak Ridge. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na cheti cha kazi hiyo, maana hapakuwa na chuo kilichokitoa. Walivaa vipande vya filamu kifuani, wakatengeneza vyombo vyao, wakaandika kanuni leo na kuzifuta kesho. Baada ya vita ndipo kozi, vyama na mitihani ikaja, na wale waliojifunza bila mwalimu wakawa walimu.

Niliposoma habari hizi mara ya kwanza, nilivutiwa sana nao. Walikuwa watu waliojipa kazi ya kuuliza, "Huyu fundi atarudi nyumbani salama?" Nilipozidi kusoma niliuliza swali jingine: hiyo urani yao ilitoka wapi?

Ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Mgodi ule ulikuwa tajiri kuliko mwingine wowote uliojulikana. Mawe yake mengine yalikuwa na zaidi ya nusu ya uzito wake urani tupu. Tangu miaka ya 1920 mawe hayo yalipelekwa Ubelgiji kutolewa radiamu. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni ya mgodi, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi New York, yakakaa ghalani Staten Island mpaka jeshi la Marekani lilipoyanunua Septemba 1942. Sehemu kubwa ya urani iliyoteketeza Hiroshima ilikuwa jiwe la Katanga.

Waliochimba jiwe hilo walikuwa Waafrika, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya migodi na kambi za Katanga. Kwenye ncha moja ya kamba alisimama mwanafizikia wa Chicago mwenye filamu kifuani, na mtu mwenzake akimhesabia kila chembe. Kwenye ncha ya pili alisimama mtu aliyelibeba jiwe lilelile kwa mikono, vumbi lake likiingia kifuani, na hakuna aliyemhesabia. Kazi yangu ilizaliwa kwenye ncha moja tu ya kamba. Silisemi hili kwa chuki. Nalisema kwa sababu kila nilipokwenda kukagua mahali pa kazi, nilijizoeza kuuliza: je, ncha nyingine ya kamba iko wapi? Nani hapa hana beji?

Na kamba ile haikuishia Hiroshima. Viwango tunavyotumia leo kumlinda mfanyakazi vimetokana kwa sehemu kubwa na uchunguzi wa miaka mingi wa manusura wa Hiroshima na Nagasaki. Mwaka 1934 kamati ya kimataifa ilikubali rontjeni 0.2 kwa siku. Kwa mtu afanyaye kazi siku tano kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, hizo ni rontjeni 50, ambazo kwa kipimo cha sasa ni takribani milisieverti 500. Mwaka 1950 kiwango kilishushwa hadi rontjeni 0.3 kwa wiki, yaani kama milisieverti 150 kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kikawa 50. Mapendekezo ya mwaka 1990 yakakishusha hadi wastani wa 20 kwa mwaka katika miaka mitano, bila kuzidi 50 katika mwaka wowote. Mwaka 2011 ikawa zamu ya lenzi ya jicho, kutoka 150 hadi 20.

Nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi orodha hiyo na kuwauliza inawafundisha nini. Wengi walisema inafundisha kwamba sayansi imeendelea. Ni kweli. Inafundisha pia kwamba mtu aliyefuata sheria ya mwaka 1934 kikamilifu alikuwa akipokea mara 25 ya kiwango tunachoruhusu leo, na aliambiwa yuko salama. Basi mtu anayesomea kazi hii asijifunze kiwango peke yake. Ajifunze na jinsi kiwango kinavyobadilika, ili asije akamwambia mtu neno "salama" kwa sauti kubwa kupita elimu yake.

Kwetu mambo haya yalikuja baadaye. Mwaka 1960 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba Na. 115, unaosema kwamba wafanyakazi wa mionzi wafundishwe tahadhari kabla ya kuanza kazi na wakati wa kazi, na kwamba kijana wa chini ya miaka 16 asiajiriwe humo kabisa. Tanzania ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu mwaka 1976, mwaka uleule niliponza kusafisha filamu za mzee wangu. Mwaka 1983 Bunge likapitisha Sheria Na. 5 ya kinga dhidi ya mionzi, na Tume ya Taifa ya Mionzi ikazaliwa. Baadaye, kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, kazi zake zilichukuliwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania.

Sheria ikishakuwapo, inahitaji watu. Mimi nilikuwa nimekwisha kupata stashahada ya ufundi eksirei, na mwaka 1986 nikachaguliwa kwenda Ulaya kusomea kinga ya mionzi. Nilifika na koti la kuazima. Siku ya kwanza mwalimu aliweka masanduku matatu juu ya meza. Moja lilikuwa na alama ya mionzi, ile ya mapanga matatu. Mawili hayakuwa na kitu. Akauliza lipi tusilikaribie. Sote tukanyoosha kidole kwenye lile lenye alama. Akawasha kipimamionzi, akakipitisha. Lenye alama lilikuwa tupu. Chombo kililia kwenye sanduku la tatu, ambalo mwenzetu mmoja alikuwa ameliegemea kwa kiwiko. Kilikuwa chanzo kidogo cha kufundishia, kisicho na madhara, lakini yule mwenzetu hakuegemea tena meza yoyote mpaka kozi ikaisha.

Tulisoma mengi. Atomu na namna inavyooza, chembe za mwili na namna zinavyojirekebisha au kushindwa, vyombo na makosa yake, usafirishaji, taka, dharura, sheria. Lakini moyo wa kazi ni mambo matatu ambayo hata asiyejua kusoma anaweza kuyashika: muda, umbali na kizuizi. Kaa muda mfupi. Simama mbali, kwa maana ukiongeza umbali mara mbili, mionzi hupungua hadi robo. Ukiongeza mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Na pakiwezekana, weka ukuta au risasi katikati. Nilipokuwa nikijifunza habari ya umbali nilimkumbuka mzee wangu na vidole vyake. Kama angesimama hatua mbili nyuma, mama wa mtoto akavishwa aproni na kumshika mara ile moja tu maishani mwake, huenda mzee angezeeka na vidole kumi.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa mdomo. Mtahini aliniuliza, "Mfanyakazi amekataa kuvaa beji. Utafanya nini?" Nikamtajia kifungu cha kanuni na adhabu yake. Akatikisa kichwa. "Umeshindwa swali hili," akasema. "Kwanza utamwuliza kwa nini."

Nilitoka nje nimefedheheka, kwa sababu jibu la kwa nini nilikuwa nalo tangu nyumbani. Katika hospitali yetu beji zililetwa siku moja kwa sherehe. Mzee aliichukua yake, akaifungia kwenye droo, na huko ikakaa. Nilipomwuliza alinijibu, "Kikulacho ki nguoni mwako. Hicho kitu kitakwenda kusema huko juu kwamba nimeharibika, nami nitaachishwa kazi. Nina watoto saba." Filamu zilipelekwa mbali, na majibu yalirudi baada ya miezi: mzee hajapata mionzi yoyote. Karatasi ikafungwa kwenye jalada. Kwa mujibu wa karatasi ile hapakuwa na mfanyakazi salama kuliko yule aliyekatwa kidole.

Tangu siku ya mtihani ule, kila nilipogawa beji mahali, nilianza kwa kumtaka mwajiri aseme mbele ya watu wote kwamba hakuna atakayepoteza kazi kwa sababu ya namba itakayorudi. Wapo waajiri waliokataa kusema. Hapo nilijua mara moja ukaguzi wangu uanzie wapi.

Hospitali si mahali pabaya kuliko kote. Mtambo wa eksirei ukizimwa, umezimwa. Hatari kubwa zaidi niliiona kwenye ujenzi wa mabomba na matangi, ambako mafundi hukagua viungo vilivyounganishwa kwa moto kwa kutumia chanzo cha iridiumu-192. Chanzo chenyewe ni kidogo kuliko punje ya hindi, kimefungwa kwenye ncha ya waya ndani ya chombo kizito wanachokiita kamera. Fundi husogea mbali, huzungusha mkono wa chuma, waya husukuma chanzo nje, picha hupigwa, kisha hukirudisha ndani. Iridiumu haizimwi. Ikikatika kwenye waya, inabaki pale ilipoanguka ikiwaka bila mwanga wala joto la kuhisiwa, na nguvu yake hupungua nusu tu kila baada ya siku 74.

Mwaka 1984 huko Mohammedia, Morocco, kwenye ujenzi wa kituo cha umeme, chanzo cha namna hiyo kilikatika kikaanguka, na hakuna aliyepima kamera kuona kama kimerudi ndani. Mtu mmoja alikiokota, kipande kidogo cha chuma kinachong'aa, akaenda nacho nyumbani. Watu wanane wakafa, yeye na jamaa zake, mmoja baada ya mwingine katika majuma kadhaa. Madaktari waliandika kwamba wamekufa kwa kutokwa damu mapafuni. Kumbe nao walikuwa na "ukurutu wa dawa" wao. Jambo la dakika moja, kukipitisha kipimamionzi mbele ya kamera kila baada ya picha, lingewaokoa wote. Mwaka 2000 kijijini Meet Halfa, Misri, mkulima naye aliokota chanzo kama hicho, akafa yeye na mwanawe.

Hadithi ya Mohammedia nimeifundisha mara nyingi mno. Leo Morocco ni mojawapo ya nchi ambako Waafrika wanaosoma kwa Kifaransa huenda kuchukua kozi ya kinga ya mionzi ya Shirika la Kimataifa, kama wanaosoma kwa Kiingereza wanavyokwenda Ghana. Ni kozi ya miezi sita hivi. Kila niliposikia kijana amekwenda huko nilifurahi, kwamba nchi iliyofiwa hivyo sasa inafundisha wengine.

Nimefika mahali ambapo ningependa kunyamaza, lakini nikinyamaza nitakuwa nimemdanganya mpwa wangu.

Mwaka 1993 nilitumwa kukagua chumba cha eksirei katika hospitali moja. Nilichelewa, gari liliharibika njiani, na kipimamionzi nilichobeba kilikuwa kimepita muda wake wa kuhakikiwa. Nilijua. Nilikiwasha, nikakizungusha chumbani, kikaonyesha hakuna kitu. Mganga mkuu alikuwa akisubiri, chai ilikuwa mezani, na mtu mwenye vyeti alikuwa mimi. Nikatia sahihi kwamba chumba kinafaa.

Sahihi ile ilinisumbua. Baada ya miezi mitano nilirudi bila kutumwa, na chombo kizima. Mlango wa chumba ulikuwa umebadilishwa na seremala, na bamba la risasi lililokuwa ndani ya mlango wa zamani halikuwekwa kwenye huu mpya. Nyuma ya mlango, kwenye ukumbi, palikuwa na meza ya dada mmoja mpiga taipu. Mtambo ulipofyatuliwa, chombo kilipanda hadi mikrosieverti 200 kwa saa penye kiti chake. Naye alikuwa mjamzito.

Nilikaa kwenye benchi nikapiga hesabu. Mtambo haufanyi kazi saa nzima. Kila picha ni sehemu ya sekunde. Nikaukadiria kwa wingi, dakika moja kamili ya miale kila siku. Hiyo ni kama mikrosieverti 3.3 kwa siku. Kwa siku 100 za kazi, takribani milisieverti 0.33, theluthi ya kiwango cha mwaka kinachoruhusiwa kwa mtu wa kawaida, na ndogo kuliko ile 2.4 ambayo kwa wastani kila binadamu huipata kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Nilishusha pumzi. Kisha nikakumbuka kwamba hesabu ile ilipaswa kufanywa miezi mitano kabla.

Nilimwambia kila kitu, pamoja na habari ya sahihi yangu. Nikamwonyesha karatasi. Hakuitazama. "Kaka," akasema, "hesabu mimi siijui. Nitazame usoni, uniambie."

Hakuna kozi iliyonifundisha sehemu hiyo. Nikamtazama. "Dada," nikasema, "hicho ulichopata ni kidogo, na ninaamini mtoto hatadhurika. Lakini hukupaswa kukipata hata hicho, na kosa ni langu." Alikaa kimya kidogo. Kisha akainuka, akashika ncha moja ya meza yake, akaniambia nishike ya pili, tukaihamishia upande wa pili wa jengo. Siku hiyohiyo niliufunga mtambo mpaka mlango ulipowekwa risasi, nami nikaandika barua ya kujishtaki kwa wakubwa wangu. Nilipewa onyo. Nilistahili zaidi.

Mtoto alizaliwa mzima. Nilimwona akiwa darasa la pili, anakimbia. Moyo ulitaka kusema, umeona? Elimu ikanizuia. Kuzaliwa kwake mzima hakukuthibitisha kwamba nilitenda vema, kama ambavyo angezaliwa mgonjwa isingethibitisha kwamba ni mionzi ile. Katika kazi hii huwezi kumnyooshea kidole uliyemwokoa, wala mara nyingi uliyemdhuru. Umeachiwa chombo chako, kalamu yako na dhamiri yako.

Ndiyo hiyo nusu ya pili ya jibu, mpwa wangu. Vyeti vinahitajika, na ujitahidi uvipate vyote. Kuna watu wawili wabaya mahali penye mionzi. Mmoja haogopi kabisa, naye ni yule mzee wangu niliyempenda, na ni mimi nilipotia sahihi. Wa pili anaogopa kila kitu, akimkimbia hata mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa mionzi ileile, na kumfanya mama akatae picha ambayo ingemwokoa mwanawe. Kusomea kazi hii ni kujifunza kuogopa kwa kipimo: kiasi kilekile ambacho jambo linastahili, bila kuzidisha wala kupunguza, kisha kumwambia mwenye mwili wake kipimo hicho huku unamtazama usoni.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wao walikuwa na maana ya vijinga vya moto. Mimi, kila ninapousikia msemo huo, huwafikiria wale wa jiwe la Hamburg, wasichana wa New Jersey, wachimbaji wa Shinkolobwe, wale wanane wa Mohammedia, na kidole cha mzee wangu. Ukipata beji yako ya kwanza, ivae kifuani. Kisha geuka utazame ni nani chumbani humo hana.